Homa imepanda, kipimo cha malaria kinasema hasi: sasa tunatafuta nini?

Huku kwetu mtu akipata homa majibu huwa yapo tayari kabla hata hajatobolewa kidole, ni malaria au ni taifodi, na siku hizi wanaongezea na UTI juu yake, unakuta karatasi moja ina magonjwa matatu na mfuko wa dawa umejaa. Mi nakaa upande wa maabara, karatasi hizo zinapita mikononi kila siku, na mara nyingi mgonjwa ana kimoja tu kati ya hivyo vitatu, au hana hata kimoja.

Sio maneno yangu tu. Kule Moshi mwaka 2007 na 2008 wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kwenye hospitali mbili walifuatiliwa kwa vipimo vya uhakika. Zaidi ya nusu yao, 528, walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokutwa nayo kweli ni 14. Kati ya waliobaki kuna waliokutwa na bakteria kwenye damu, homa za kutoka kwa mifugo na panya, chikungunya na mengine mengi. Kwa watoto wa kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, 1,005 waliochunguzwa 2008, kama mmoja kati ya kumi ndo alikuwa na malaria, na zaidi ya nusu walikuwa na shida ya njia ya hewa, yaani mafua, kifua, koo. Hii haimaanishi malaria imeisha, nenda Kigoma, Geita au Mtwara kipindi cha mvua utaona mwenyewe. Inamaanisha tu usiikisie.

Na jambo moja kabla hatujaanza: ukali wa joto haukwambii ugonjwa. Nyuzi 39 za mafua na nyuzi 39 za malaria ni zilezile, hata kutetemeka kwa baridi ni kulekule, na ile ya kusema malaria inakuja siku moja inaruka siku moja, kwa aina ya malaria tuliyonayo sisi mara nyingi huioni. Kinachosaidia ni kujua homa imekuja na dalili gani, ilianzaje, na ina siku ngapi.

Hizi usisome zaidi, nenda hospitali

Degedege. Mtu anaongea vitu visivyoeleweka au haamki vizuri. Anatapika kila kitu, hata maji hayakai. Shingo imekaza, hawezi kugusisha kidevu kifuani na mwanga unamuumiza, hiyo fikiria homa ya uti wa mgongo (ila mtoto mchanga shingo inaweza isikaze, mwangalie utosi kama umevimba). Mkojo mweusi kama soda ya kola. Damu inatoka fizi au pua bila sababu. Anahema kwa shida. Na bila kujali anaonekanaje, kichanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa, mjamzito, na mwenye selimundu, hao hawasubiri asubuhi.

Kipimo kinasema CHANYA ila kuna kitu hakieleweki

Kile kipimo cha haraka, MRDT, hakimwoni mdudu mwenyewe, kinaona protini anayoiacha kwenye damu. Kwa hiyo ukimaliza dawa vizuri na ukapona, kipimo kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki 2, 3, hata 4. Watu wengi wanakuja wamekunywa mseto, dawa ya malaria, mara mbili ndani ya mwezi kwa sababu hiyo. Ukiwa umetibiwa malaria karibuni na homa imerudi, omba slaidi, ile ya darubini, hiyo inamwona mdudu akiwepo na asipokuwepo haimwoni.

Mstari wa T, ule unaoonyesha malaria, ukiwa hafifu bado ni chanya, wengine wanauita malaria ndogo, hamna kitu kama hicho. Mstari wa C, ule unaoonyesha kipimo kinafanya kazi, usipotokea kipimo kimeharibika, rudia, hata kama T imetokea. Na kusoma ni ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti yake, sio unakirudia baada ya kula mchana unakuta kumechomoza kamstari unaanza kupaniki.

Umeanza dawa na siku ya 3 homa bado ipo? Kwanza jiulize kama ulizimeza inavyotakiwa. Mseto wa ALu ni dozi 6: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, na zinataka tumbo lenye chakula chenye mafuta kidogo, chai ya maziwa inatosha, ukimeza na maji matupu dawa inaingia kidogo kwenye damu. Ukitapika ndani ya nusu saa, dozi hiyo inarudiwa. Kama ulifanya yote hayo na homa bado, rudi, maana mtu anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa pamoja, hasa mtoto, na malaria ikatibiwa nimonia ikabaki inaendelea taratibu.

Kipimo HASI, homa imekuja na kifua

Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 hapa ndo pa kuanzia. Kikohozi na mafua vyenyewe havitishi, wengi ni virusi na vinaisha na uji, maji na panado. Unachotafuta ni nimonia, na unaweza kuicheki nyumbani kabla ya stetoskopu ya mtu yeyote.

Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya, akilala ndo vizuri zaidi. Pandisha fulana hadi kwenye chuchu. Weka taima ya simu dakika moja nzima, sio sekunde 15 ukazidisha kwa 4, manake watoto hawahemi kwa mpangilio, wanakimbia wanapumzika. Kila tumbo likipanda hesabu moja. Chini ya miezi 2, ukifika 60 au zaidi ni tatizo. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi chini ya 5, ni 40. Halafu ukiwa hapo hapo angalia chini ya mbavu: mtoto mzima akivuta pumzi sehemu hiyo inatoka nje, huyu ikiwa inaingia ndani kila anapovuta, vaa viatu mwende. Kama joto liko juu sana mpe panado kwanza, subiri lishuke, hesabu tena, homa yenyewe huongeza pumzi kidogo, ila kubonyea kwa kifua hakusubiri panado.

Mkubwa mwenye nimonia mara nyingi ataonyesha kidole sehemu moja, hapa panachoma nikivuta pumzi, na makohozi ya rangi ya kutu au njano. Mafua makali yanauma kila mahali.

Kipimo HASI, mwili wote unauma, macho yanauma kwa nyuma

Hapa msimu na mahali vinasema mengi. Dar ilipata mlipuko mkubwa wa dengue 2014 na tena 2019, Mombasa nayo imepata zaidi ya mara moja. Mbu wake ni wa mchana, mwenye madoa meupe miguuni, anazaliana kwenye ndoo, matairi, sahani za maua, kwa hiyo kusema nalala kwenye neti hakukutoi kwenye orodha.

Dengue, wazee wanaiita kidingapopo, inaanza ghafla, asubuhi mzima jioni umelala. Kichwa, nyuma ya macho hasa ukiyageuza pembeni, mgongo, mifupa, baadaye vipele vyekundu mwilini. Chikungunya inafanana nayo sana siku za mwanzo, ila yenyewe inashika viungo haswa, vifundo vya miguu, viganja, vidole, asubuhi mtu hawezi kushika kikombe, na homa ikiisha viungo vinaweza kuendelea kusumbua miezi. Chikungunya ni ya kwetu kabisa kwenye vitabu vya tiba, iliandikwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Wamakonde huko Newala. Mwaka 2004 ililipuka Lamu kisha ikaenda visiwa vya Bahari ya Hindi.

Kwa nini ujisumbue kuzitofautisha wakati zote hazina dawa ya kuua kirusi? Kwa sababu ya damu. Dengue inashusha chembe zinazogandisha damu, na mtu wetu akiumwa viungo anakimbilia diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, na hizo zinaongeza hatari ya kutokwa damu. Kwa hiyo mpaka dengue iondolewe kwenye mjadala, ni panado peke yake, usizidishe gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, na vimiminika vingi.

Halafu siku za hatari zenyewe zinadanganya. Homa ya dengue inashuka kati ya siku ya 3 na ya 7, mgonjwa anasema afadhali, ndugu wanaacha kumwangalia, na ni hapo hapo maji yanaanza kuvuja kutoka kwenye mishipa kwa wale wachache watakaozidiwa. Ukiona homa imeshuka lakini tumbo linauma sana, anatapika mfululizo, fizi zinatoa damu, amelegea, miguu ya baridi, hiyo sio nafuu. Maji ya majani ya mpapai watu wanayasifia mno, mi sigombani na mtu, ila yasichukue nafasi ya kurudi kupima FBP, kile cha kuhesabu chembe za damu. Kipimo chenyewe cha dengue nacho kina tarehe: ndani ya siku 5 za mwanzo tafuta NS1, protini ya kirusi chenyewe, baada ya hapo ndo zile kinga za IgM zinaonekana vizuri. Ukipima kisicho cha siku yake unapata hasi ya bure.

Kipimo HASI, homa na tumbo, umeambiwa taifodi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo hela za watu zinapotea.

Taifodi ya kweli haiingii kwa kishindo. Inapanda ngazi, leo 38, kesho kidogo zaidi, jioni kuliko asubuhi, baada ya wiki ndo mtu yuko 39 au 40 hapumziki. Kichwa kinauma mfululizo, hamu ya kula hamna, ulimi una utando mweupe, tumbo linasumbua, na mtu mzima mara nyingi anafunga choo kabla ya kuharisha, jambo ambalo watu hawalitegemei. Wengine wana kikohozi kikavu. Mapigo ya moyo yanaweza kuwa ya taratibu kuliko unavyotegemea kwa joto lile. Homa iliyoanza jana mchana ikiwa na mafua na koo, hata kipimo kiseme nini, ni ngumu sana kuwa taifodi.

Sasa kipimo chenyewe. Wengi mnapimwa Widal. Kinatoka 1896, na ukikiona kinavyofanyika utaelewa shida yake: tone la majimaji ya damu yako linawekwa kwenye kigae cheupe, linaongezwa tone la dawa, linakorogwa na kijiti, kigae kinayumbishwa dakika moja hivi chini ya taa, na mtu anaangalia kama kuna chembechembe zimegandana. Chembechembe zikionekana ni chanya. Macho ya nani, taa ya aina gani, dawa imekaa nje ya friji siku ngapi, vyote vinaingia kwenye jibu lako. Na hata kikifanywa vizuri kinatafuta kinga sio mdudu, kinga ambayo inaweza kuwa ya taifodi ya miaka iliyopita, ya chanjo, ya salmonela wa aina nyingine, au imechokozwa na malaria uliyonayo. Katika maeneo kama yetu ambako maji ni ya wasiwasi, watu wazima kibao wenye afya zao ukiwapima leo utapata chanya. Ile 1:80 uliyoandikiwa kwenye jibu la Widal, peke yake, haikwambii kama unaumwa. Na kurudia Widal baada ya dozi kuangalia kama taifodi imeisha haina maana kabisa, kinga hazipotei kwa sababu umemaliza vidonge, ndo maana kuna watu wana taifodi sugu ya miaka mitatu ambayo haipo.

Kipimo cha kuaminika ni kalcha ya damu, kuotesha. Inachukua siku kadhaa, sio kila kituo kinayo, na sharti lake ni moja: damu itolewe kabla ya antibayotiki. Ukishapitia duka la dawa ukameza sipro mbili ili uone kama utapata nafuu, kwenye chupa kunaweza kusiote kitu. Pia vimelea vingi vya taifodi Afrika Mashariki vimeshazoea dawa za zamani kama kloramfenikoli, ampisilini na septrini, kwa hiyo kalcha inasaidia pia kujua dawa ipi itafanya kazi.

Kama kweli ni taifodi na imeachwa, kuanzia wiki ya 3 utumbo unaweza kutoboka. Tumbo linauma ghafla, linakuwa gumu kama ubao, mgonjwa hataki kuguswa. Hiyo ni chumba cha upasuaji, sio kubadilisha antibayotiki.

Vitu vingine vya tumbo vinavyopewa jina la taifodi: kidole tumbo, ambacho maumivu yanatangulia homa, yanaanza karibu na kitovu kisha yanahamia chini kulia, ukikohoa panachoma. Kuhara damu na homa, hiyo ni bakteria au amiba, pima choo. Kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele bila homa ya maana, fikiria kipindupindu na anza ORS hapo hapo wakati unatafuta usafiri.

Kipimo HASI, mkojo

Fupi tu. Kuchoma wakati wa kukojoa, kwenda chooni kila saa vitone viwili, bila homa: hiyo ni kibofu. Ikiongezeka homa, kutetemeka na maumivu ubavuni nyuma chini ya mbavu, imepanda kwenye figo, inatibiwa tofauti na muda mrefu zaidi. Muwasho na uchafu ukeni bila kuchoma mkojo sio UTI, ni fangasi au kitu kingine cha ukeni. Ute au usaha kwenye uume, ni zinaa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mwenzio anatibiwa pia. Usaha kidogo kwenye karatasi ya mkojo kwa mtu asiye na dalili yoyote mara nyingi ni mkojo uliokingwa vibaya, jisafishe, mwaga wa mwanzo, kinga wa katikati. Ila mtoto wa chini ya miaka 2 mwenye homa isiyo na chanzo, mpime mkojo, yeye hawezi kusema kunachoma.

Macho ya njano

Malaria kali inaweza, na hiyo pima upya hata kama ya kwanza ilikuwa hasi. Homa ya ini inakuwa na ujanja wake, homa na kichefuchefu vinatangulia, halafu homa ikiondoka ndo macho yanageuka njano na mkojo unakuwa wa chai. Mwenye selimundu macho yake yanaweza kuwa ya njano siku zote, uliza yalikuwaje wiki iliyopita.

Na kuna homa ya mgunda, ile iliyosumbua Lindi mwaka 2022. Inatoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, unaipata ukitembea kwenye maji ya mafuriko, mashamba ya mpunga, machimbo, hasa ukiwa na michubuko. Alama yake ni maumivu makali ya misuli ya vigimbi vya miguu, ukiminya mtu anaruka, na macho mekundu yasiyo na tongotongo. Kwa wengine inaendelea hadi njano, figo na kutoka damu. Inatibika kwa antibayotiki za kawaida ikiwahiwa, shida ni kwamba hakuna anayeitaja, kwa hiyo we mwenyewe mtajie daktari kwamba ulikuwa majini.

Vipele kwa mtoto

Surua: siku kama 3 za homa, kikohozi, mafua na macho mekundu kwanza, kisha vipele vinaanzia nyuma ya masikio na usoni vikishuka chini. Tetekuwanga: malengelenge yenye maji, mengi kiwiliwili, na kwa wakati mmoja unaona vipya, vya maji na vilivyokauka. Ukibonyeza madoa ya zambarau kwa glasi yasipofifia, rudi kule juu kwenye yale ya hospitali.

Homa imezidi wiki 2 na kila kipimo ni hasi

Acha kurudia malaria. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho la usiku linalolowesha shuka, nguo zimekuwa kubwa: TB, peleka makohozi kituo cha serikali, kipimo na dawa ni bure. Pima VVU pia, na kama ulikuwa kwenye hatari wiki chache tu zilizopita jibu la hasi lirudiwe, maambukizi mapya huja na homa, koo na mitoki kabla kipimo hakijayaona.

Unakunywa maziwa mabichi, unachunga, au ulisaidia ng'ombe kuzaa? Brucella, bakteria wa kutoka kwa mifugo. Homa inapanda jioni asubuhi uko mzima, jasho, kiuno na nyonga vinauma, na umeshatibiwa malaria, taifodi na rumatizimu. Dawa zake ni za wiki 6 na mbili kwa pamoja, ukikatisha inarudi. Kipimo chake cha haraka cha kuchanganya matone kina matatizo yaleyale ya Widal, omba cha uhakika zaidi.

Na homa inayokuja siku kadhaa, ikaacha kama wiki, ikarudi tena vilevile, kwa mtu aliyelala kwenye nyumba ya udongo yenye nyufa, hiyo uliza homa ya papasi, wale kupe laini wanaouma usiku na kurudi ukutani kabla hakujakucha, tembe za Dodoma zinawajua vizuri. Mdudu wake anaonekana kwenye slaidi ileile ya malaria, kama uzi uliojikunja kati ya chembe za damu, ila slaidi ichukuliwe homa ikiwa imepanda, sio siku ulipoamka mzima ndo ukapata nauli ya kwenda kupima.